Nilivyojifunza Kupanda Mawimbi Kayenze

Tuliondoka Tabora kwa sababu moja tu: mke wangu alikuwa hajamwona mama yake kwa miaka tisa. Siku zile reli ya Mwanza ilikuwa bado mpya, nami sikuwa na udhuru tena. Nikafunika cherehani, nikafunga kibanda changu cha ushonaji, tukapanda gari moshi na watoto wetu wawili.

Asubuhi tukashuka Mwanza. Kuna wachuuzi wa samaki walikuwa wanarudi Kayenze kwa mtumbwi, wakatupakia pamoja na mizigo. Niliushika ukingo kwa mikono miwili njia nzima, watoto wakinicheka.

Kayenze tulifika alasiri. Mama mkwe alitupokea akiwa nyuma ya mlango. Kwao Wasukuma, mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbalimbali, na mama hawezi kabisa kusogea mahali mkwewe alipo kifua wazi. Mambo hayo niliyajua tangu nilipooa.

“Shikamoo, mama,” nikasema nikitazama chini.

“Marahaba, baba. Waache wajukuu waingie niwaone.”

Kesho yake shemeji yangu Masanja, mvuvi, alitupeleka ufukweni. Alasiri upepo wa ziwa ulikuwa umeinua mawimbi, na vijana walikuwa wakiyapanda juu ya mbao za mitumbwi iliyovunjika mpaka mchangani. Mimi, mtu wa miaka arobaini na kitambi changu, nikatamani.

“Vua shati, shemeji, litakulemea,” akasema Masanja.

Nikalivua, nikalitundika kwenye kasia lililosimikwa mchangani.

Siku tatu nilikunywa maji tu. Siku ya nne nikapiga magoti juu ya ubao. Siku ya sita nikasimama! Nilisimama wima, wimbi likanileta hadi nchi kavu, nikapiga kelele kama mwendawazimu. Nikamtafuta mke wangu anione, hakuwepo.

“Mama yuko nyumbani na bibi,” akasema binti yangu Zuhura.

Mungu anisamehe, nilikasirika.

Siku ya kuondoka Masanja alinipa ule ubao. Ndani ya gari moshi, tulipokwisha kupita Shinyanga, mke wangu akanigeukia.

“Baba Zuhura, mama alitaka jambo moja tu. Nikae naye mchangani tukianua dagaa kama zamani, awaone wajukuu wakicheza majini. Kila alasiri alijifunga khanga akatoka. Akikuona kifua wazi, anarudi ndani.”

“Mbona hukuniambia?”

“Alinikataza. Alisema, ‘Mkwe wangu amefurahi, mwacheni.’”

Nilitaka kusema tutarudi mwakani. Nikasema hivyo, naye akaitikia kwa kichwa. Kabla ya mavuno ikaja barua ya Masanja: mama ameshazikwa.

Tabora hakuna ziwa. Ule ubao naupigia pasi. Wateja wakiuliza umetoka wapi nawaambia Kayenze, basi. Nilichojifunza huko ni kusimama juu ya maji, na sina haja nacho. Nimewashonea mashati watu wa mji huu miaka mingi, na siku zile sita langu lilikuwa limetundikwa kwenye kasia, hatua mbili kutoka nilipokuwa.