Shangazi Hatoki Chumbani

Darasani kwetu, kwenye mafunzo ya tiba ya mionzi, tulimwita Shangazi, maana alituzidi umri sote na wanawe walikuwa wameshaoa. Chuo kilimkataa zaidi ya mara moja. Walipomhoji mara ya mwisho walimuuliza kama haoni amechelewa, naye akajibu, "Saratani haimuulizi mtu umri, mbona nyinyi mnaniuliza?" Kabla ya kumgusa mgonjwa alisugua viganja mpaka vipate joto, kwa sababu chumba cha mashine kina baridi, na kila mara sauti yake ilitangulia: "Naja upande wa kushoto, baba." Ndipo mkono ulipofuata.

Siku ya mtihani wa vitendo alipewa mzee mwenye uvimbe kooni. Alipomfunga ile barakoa ngumu inayozuia kichwa kisisogee, mzee alimng'ang'ania mkono, akitetemeka. Shangazi akaifungua. Mwalimu akasema kwa kipaza sauti kutoka chumba cha nje, "Toka, foleni ni ndefu. Ukichelewa nakukata alama." Akajibu bila kugeuka, "Kata, mwalimu. Ila mashine haiwashwi nikiwa humu, na sitoki mpaka mzee aniruhusu." Akasimama palepale, wakapumua pamoja taratibu, hadi mzee akasema, "Haya, mwanangu, nifunge." Akamfunga, akatoka, mionzi ikapigwa, na kichwa hakikutikisika. Huko nje mwalimu alikuwa ameshaandika sifuri. Shangazi akamwomba kalamu, akatia sahihi chini ya sifuri ile, akaenda kumwita mgonjwa aliyefuata.