Fremu ya Tangi la Mama

Mama yangu alimwomba mume wangu msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya. Na mume wangu, mzima na akili zake timamu, akaupokea.

Nilikuwepo. Nilikuwa namenya chungwa pembeni ya kitanda cha hospitali, nikamwona mume wangu anabadilika rangi. Nikadhani ni harufu ya dawa.

Ngoja nianze mwanzo, maana nawajua kwa maswali.

Mume wangu ni fundi wa vioo. Madirisha, milango ya maduka, meza. Wenzake karakana wanamwita Milimita, kwa sababu hata mkate anaukata kama anaupima. Mimi namwita hivyo nikiwa nimekasirika, yaani karibu kila siku.

Mama alikuwa akiishi peke yake tangu baba afariki, yeye na samaki wake mmoja mwekundu, mnene, mvivu. Tangi lenyewe dogo, la kukaa juu ya kabati. Juu lilikuwa na fremu ya plastiki nyeusi iliyopauka.

Siku moja mama akasema kwa utani tu, "Hii fremu inanifanya nimwone samaki wangu kama yuko jela."

Basi. Milimita akapata kazi.

"Mama, niachie mimi. Naitoa, kinabaki kioo kitupu, kama yale matangi ya hotelini."

"Halitapasuka, mwanangu?"

"Mama, si ndiyo kazi yangu hiyo!"

Kioo kilikuwa kinene vya kutosha hata bila fremu. Hilo alilipima. Kosa lilikuwa kwingine.

Alipokuwa anapitisha wembe chini ya fremu kukata silikoni ya zamani, ile gundi ya vioo, wembe ukateleza ukaingia kwenye kona. Ukachana silikoni ya ndani, ile inayoshika kioo kwa kioo. Akaona kabisa. Akapaka mpya juu yake.

Sasa kwenye madirisha ana mtindo wake: anagusa silikoni kwa kidole, kidole kikitoka kikavu, mali inaondoka. Lakini jamani, dirisha halibebi maji! Tangi unaliacha siku kadhaa likauke mpaka ndani, halafu unalijaza maji uani, unalichungulia siku kadhaa tena, ndipo samaki anarudi.

Na haya yote alikuwa anayajua. Ila mama alikuwa anauliza samaki atakaa kwenye ndoo mpaka lini, na yeye alitaka sifa za mkwe siku ileile.

Akagusa. Kikavu. Akajaza.

Lilipendeza, nisiwe mwongo. Mama alikuwa analizunguka anacheka mwenyewe.

Wiki haikuisha, simu ikalia. Tangi limeachia kona, maji sebule nzima, mama ameteleza na kuvunjika nyonga. Jirani ndiye aliyemkuta sakafuni.

Hospitalini mama akamshika Milimita mkono. "Mkwe wangu, nisamehe. Nadhani nililigonga nikifuta vumbi. Uzee huu! Umenitengenezea kitu kizuri, nimekiharibu."

"Usijali, mama. Yameshapita."

Yameshapita! Hebu fikiria.

Mimi na kaka yangu tukalichukua neno la mama kama lilivyo. Kwamba siku hizi anagonga vitu na hata hakumbuki vizuri. Tukakaa, tukaamua: mama hawezi tena kuishi peke yake. Atahamia kwa kaka, nyumba yake tutaipangisha.

Nyumba ile aliijenga na baba, chumba baada ya chumba. Alilia kimya kimya, akasema, "Kama mmeona hivyo, sawa."

Kumbe mume wangu halali. Anakula matonge mawili, anasukuma sahani. Karakana anaharibu vioo vya watu. Mimi nikajua tayari, kuna mwanamke. Nikamkagua simu mpaka macho yakauma. Hakuna kitu.

Siku ya kuhamisha vitu, kaka yuko mlangoni anamkabidhi mpangaji funguo. Milimita akaweka chini boksi la vyombo.

"Subirini. Mama hakugonga tangi. Mimi niliichana ile kona, nikaiziba haraka haraka. Tangu hospitalini nilijua. Mama ana akili zake zote. Mwenye kasoro ni mimi."

Kaka alitaka kumpiga. Na mimi nilitaka kaka ampige.

Mama, kwenye kiti chake cha magurudumu, akasema, "Mwacheni. Najua."

"Unajua nini, mama?" nikamuuliza.

"Asubuhi ile niliona kona inatoa matone. Nikaweka kitambaa. Kikilowa nakikamua, nakirudisha. Mara kona ikaachia yote. Nikamkimbilia samaki, nikateleza."

"Sasa mbona uliomba msamaha?"

"Nilitaka kumpa nafasi aseme mwenyewe. Aliponiambia nisijali, nikajua ameogopa."

"Na nyumba je? Ulikuwa unaiacha hivihivi?"

"Nyumba ingepangishwa. Ndoa yako ikivunjika ningeipangisha kwa nani?"

Milimita akaketi sakafuni, mwanaume mzima, akalia kwa sauti mbele ya mkwe wake.

Mpangaji alirudishiwa hela zake. Mama yuko kwake, anatembea na gongo, na samaki mwingine hataki. Mume wangu akienda kumsalimia anawekewa kiti, anakaribishwa, anashukuriwa. Ingekuwa afadhali atukanwe, ananiambia.

Lakini usiku huwa siwazi juu yake. Nawaza juu yangu. Siku ile nilimuuliza mama, kwa hasira, kwa nini hakupiga simu alipoona matone. Akanitazama, akasema taratibu, "Ungepokea wewe, mwanangu. Na mdomo wako tunaujua."

Mama aliona heri aiache nyumba yake kuliko kunisikia mimi nikiongea.

Wenye matangi, subirini silikoni ikauke. Na wewe mwenzangu, ukigundua watu wako wanakuficha makosa, kabla hujawaita waongo, jiulize kwanza ni kwa nini wanakuogopa.