Kigoda cha Bibi na Nakala Yake

Wiki hii nilikuwa nasubiri zamu yangu katika ofisi moja hapa mjini inayotoa vibali vya kupeleka vinyago nje. Mbele yangu alisimama dada mmoja mchongaji. Alikuwa amechonga nakala ya kigoda cha bibi yake, akaipaka mafuta na kuifukiza moshi mpaka ikafanana na cha kale kabisa. Maonyesho ya Ulaya yalikuwa yanaisubiri.

Ofisa alikigeuza kigoda. "Hii ni mali ya kale, dada. Haitoki."

"Nimekichonga mwenyewe! Cha kale anacho bibi, kwake Ngaramtoni."

"Basi mlete bibi na kigoda chake."

Kesho yake nilifuata kibali changu, nikamkuta dada na bibi yake. Ofisa alimwamkia bibi shikamoo, akaviweka vigoda vyote viwili sakafuni. "Bibi, chako ni kipi?"

Bibi alikalia cha kwanza, kikayumba. Akahamia cha pili, akatulia na kuikunja kanga magotini. "Hiki."

"Bibi, hicho ndicho nilichochonga mimi," mjukuu akasema taratibu.

"Najua. Kile cha kale mguu umelegea, nakaa huku nimeshika ukuta. Nikajua umeniona, ndiyo maana umenichongea." Akamtazama. "Au si changu?"

Mjukuu aliutazama muhuri mkononi mwa ofisa. "Ni chako, bibi."

Siku hizi za soko huria tunaambiwa mteja ni mfalme. Bibi huyu alitoka na kigoda kipya kwapani, wala hakuuliza Ulaya walikuwa wanakitakia nini. Mjukuu alimfuata amebeba kile kibovu, ambacho sheria haikiruhusu kuvuka mpaka.