Zamu ya Kutaja Jina

Mdogo wa mke wangu alipojifungua, tulialikwa kwao, mtaa wa Gatsata, kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina. Kwetu, wageni huketi pamoja na kila mmoja hupendekeza jina kwa zamu. Mwishoni baba wa mtoto huamua. Mke wangu alisema haendi.

Tulikuwa na miaka mingi ya ndoa bila mtoto. Tulikuwa tumepimwa sote wawili, nami nilikuwa nimejisomea kila nilichokipata kuhusu hali yetu, hata niliweza kueleza majibu ya maabara bila kusaidiwa. Basi Jumamosi moja kabla ya sherehe, katika kikundi cha wenzi wenye shida kama yetu, nilianza kumweleza mshauri mambo yote kwa utaratibu. Tulikuwa tukikutana mtaa wa Biryogo, katika chumba kilicho nyuma ya mafundi cherehani, na kwa kelele za mashine zao ilibidi kupaza sauti kidogo.

Mshauri, mama aliyewahi kuwa mkunga, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, ya maabara tumeyaelewa," akasema. "Sasa muulize mkeo anaogopa nini huko Gatsata."

Nilidhani anaogopa kumwona mtoto. Nikamuuliza palepale, mbele ya wenzetu.

"Naogopa wataniruka," akajibu. "Zamu ikinifikia watanionea huruma, waende kwa anayefuata."

Mshauri hakumwambia aende wala asiende. Alimuuliza tu: wakimruka, angependa kufanya nini? Kabla hajajibu, mwanamke mmoja wa kikundi akasema angekuwa yeye, angemaliza kwanza brosheti zote, ile mishikaki ya sherehe, ndipo akasirike. Tukacheka, na mke wangu pia.

Siku ya sherehe tulienda sote wawili. Zamu ilianza kwa watoto, ikaja kwa watu wazima. Ilipotufikia, shangazi wa mke wangu, aliyekuwa akiongoza zamu, akasema kwa upole kwamba tusikie upande wa pili. Hapakuwa na ubaya wowote katika sauti yake.

"Shangazi, mimi bado," mke wangu akasema.

Nilijiandaa kusikia jina tulilokuwa tumemwekea mtoto wetu tangu tulipooana. Hakulitaja hilo. Alitaja jingine, alilomtafutia mtoto huyu, akaeleza na sababu yake.

Shangazi akamtazama, akainuka, akamtwaa mtoto kwa mama yake na kumlaza mapajani pa mke wangu. Kisha akamwambia aliyefuata aseme.