Mwiko Usinyamaze

Bugali ikiungua, nyumba nzima inajua. Harufu yake, ya mkaa na ya muhogo, inaingia hata ndani ya nguo za misa. Juzi mjukuu wangu aliiacha juu ya moto akaenda kuangalia simu, na ile harufu iliponifikia uani nilicheka peke yangu mpaka machozi. Alifikiri koko, bibi yake, amezeeka. Kweli nimezeeka, lakini si hicho kilichonichekesha.

Mie shule nilitoka mapema. Bugali ndiyo niliyosoma mpaka mwisho. Ku mtaa wetu wa Kadutu, wanaonizidi kwa bugali walikuwa wachache, na wengi wao wamekufa.

Ulikuwa wakati wa Zaïre. Majina ya Kizungu yalikuwa yamekatazwa, kwa hiyo shangazi yangu aliyebatizwa Béatrice alikuwa Nabintu hata mbele ya padri. Alikuwa mdogo wa papa, tulikaa naye katika nyumba ya mbao, juu kabisa mu mlima. Mugisho, kijana wa Ibanda, alikuwa amemupenda. Ibanda ni kule chini ku ziwa, ambako watu walipikia umeme. Mahari ilikuwa bado haijatajwa. Mama yake alituma neno kwamba siku ya Mungu, Jumapili, atakuja na mtoto wake kula kwetu, na kwamba anataka bugali ya mkono wa Nabintu mwenyewe.

Maana yake tuliijua wote. Mukwe haingii jikoni. Anakaa saloni, chumba cha wageni, na anasikiliza mwiko. Ukuta wa mbao hauna siri: msichana mwenye nguvu, mwiko wake unagonga to, to, to, bila kukata; mvivu, mwiko wake unapumzika-pumzika. Tangu asubuhi maman alikuwa akituambia, "Mwiko usinyamaze. Ukinyamaza, hii ndoa inashuka na bakwe, inarudi Ibanda."

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia. Sufuria yetu ya bugali ilikuwa nyeusi, masizi yake yalinizidi umri. Matako yake yalikuwa yamebonyea hivi kwamba yalikaa juu ya pembe za mbabula yetu, jiko la mkaa, kama kuku juu ya mayai. Siku ile maman aliitazama akaona haya. Akaificha nyuma ya mlango, akanituma kwa jirani kuazima sufuria mpya ya kung'aa, ile ambayo ukiinama unaona meno yako. Jirani alinipa huku anaifuta na kikwembe chake, kitenge cha kiunoni. "Musiikwangue," alisema.

Kusonga bugali ya wageni ni kazi ya watu wawili. Mmoja anasonga. Mwingine anakaa ku kiti kifupi, nyayo zinakaza mbabula, mikono yenye vitambaa vibichi inashika masikio ya sufuria. Anayeshika ni mutoto, ao muke mugeni wa nyumba, aliyeolewa juzi. Mukubwa hamushikii mudogo. Basi mie ndiye nilishika.

Mwanzoni ilienda vizuri. Maji yalichemka mpaka yakaruka, maana maji ya uvuguvugu yanakupa gundi, si bugali. Bunga iliingia, shangazi akakaza mkono. To, to, to. Kule saloni mazungumzo yalipungua, nikajua wanasikiliza. Lakini bugali ilipoanza kuwa ngumu, ile sufuria ya kung'aa ilianza kucheza dansi. Matako yake yalikuwa laini, masikio yake madogo kama ya panya. Ilizunguka, ikaniponyoka, ikalala ubavu. Bugali yote ikamwagika ndani ya makala ya moto. Moshi. Na mwiko ukanyamaza.

Shangazi alikaa chini, mikono ku kichwa. "Nimeachika mbele ya kuolewa," alisema kwa sauti ndogo. Maman alikuwa tayari anakwangua kikapo cha bunga.

Mie nilikumbuka amri moja tu. Niliokota mwiko, nikavuta ile sufuria nyeusi toka nyuma ya mlango, nikaanza kuigonga tupu kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa inalia kama kengele ya misa. Nilidhani maman atanipiga kofi. Alinitazama, akafikiri.

"Endelea," alisema. "Lakini polepole, kama vile iko nzito."

Hapo ndipo mlango ulifunguka. Mama Mugisho alisimama pale, mnene, mrembo, kikwembe cha kuvaa ku harusi. Alitazama makala, akatazama Nabintu, akanitazama mie na sufuria yangu.

"Mutoto, hiyo bugali yako iko na bunga kweli?"

"Hapana, maman. Iko na mwiko tu."

Alicheka mpaka akashika mlango. Maman alianza kuomba musamaha, kwamba sufuria ni ya...

"Ya kuazima," alimukata. "Kwetu tuliazima viti. Kimoja kilivunjika na mukwe akiwa juu. Leta hii nyeusi, hii inajua kazi."

Akafunga kikwembe vizuri, akakaa ku kiti changu, akachukua vile vitambaa vibichi mikononi mwangu.

"Hapana, mama mukwe," maman alisema. "Mutoto atashika."

"Mutoto ameshachoka kusonga hewa. Nabintu, songa. Mie nashika."

Bunga iliyobaki ilitoa bugali ndogo kama kichwa cha mtoto mchanga. Tuliizungushia sombe nyingi ya majani ya muhogo na visamaki vya sambaza vya kukaanga ili isionekane uchi. Papa, aliyebaki saloni na Mugisho bila kujua lolote, aliitazama muda mrefu. "Leo mwiko umelia sana," alisema, "lakini bugali iko kidogo." Mama Mugisho alijaza kinywa sombe ili asicheke. Wiki ileile walikuja kutaja ng'ombe.

Nilifikiri Mama Mugisho alinihurumia mikono tu. Nilielewa miaka mingi baadaye, mutoto wangu alipomuleta muke wake, nami nikasikia mwiko wa yule binti unasita kwa woga. Nilikaa ku kiti kifupi, nikashika masikio ya sufuria. Alikataa, alikuwa karibu kulia. Nilishika tu.

Basi juzi, nilipomaliza kucheka, nilimwambia mjukuu atupe ile ya kuungua na alete bunga ingine. Sufuria nyeusi bado niko nayo. Nililowesha vitambaa, nikavuta kiti kifupi.

"Songa," nilimwambia. "Koko anashika."