Ile katuni ya shimoni yenye sauti ya kaka yangu

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma kimya kimya, nacheka na nyinyi halafu naenda kulala. Leo nimeleta langu.

Ni la kweli na limetokea kwetu Ikolomani. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana mama yangu ana wajukuu wanaojua simu kuliko mimi.

Ni habari ya katuni. Anayeona katuni ni mambo ya watoto anaweza kupita, sitakasirika.

Nilikuwa na kaka, tumwite Shivachi. Yeye ndiye kifungua mimba wetu, mimi namfuata. Siku za kazi alikuwa kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu huko Malinya. Kwa wasiojua, jiwe likitoka shimoni linapondwa, linasagwa mpaka liwe unga, ndipo linaoshwa kutafuta hiyo dhahabu. Ule unga hauna adabu, unaingia kila mahali. Kaka alikuwa akirudi nyumbani na kope nyeupe, tunamwambia amezeeka kabla ya kupata wajukuu.

Lakini Jumamosi alikuwa mtu mwingine kabisa.

Pale sokoni kuna kibanda cha video, mabati juu, mabenchi ndani. Kaka ndiye alikuwa DJ wa pale, wale wa kutafsiri filamu. Anachukua filamu ya Kizungu, anarekodi sauti yake juu yake, anaweka utani wake na majina yake. Alikuwa anarekodi kwa simu akiwa amejifunika blanketi gubigubi ili kuku wasisikike. Na bado ukisikiliza vizuri, kuku wako.

Wenzake walitafsiri filamu za ngumi na bunduki. Yeye alichagua katuni, sababu ni binti yake Mmbone. Mamake aliolewa kwingine, mtoto akabaki na baba na nyanya yake, yaani mama yetu. Mmbone alikuwa anakaa benchi la mbele kila Jumamosi kama mwenye kibanda.

Katuni yenyewe ni ya msichana shujaa anayeruka angani na joho la kijani, nguvu zake zinatoka kwa jua. Kwa Kizungu ana jina refu. Kaka alimwita Senje Kijani.

Senje kwetu ni shangazi. Yaani alikuwa ananichokoza mimi, kwa sababu ya gauni moja la kijani nililovaa harusini na nikajiona nimefika. Soko zima lilijua.

Sasa kuna episode moja watoto waliiomba kila wiki. Jambazi ana mashine kubwa ya kuchimba, anapita chini ya mji, nyumba zinazama. Kaka alikuwa anamgombeza yule jambazi kama fundi wa shimo: "Wewe jamaa, unaingia shimo bila kupiga mbao? Utafunikwa." Watoto wa Malinya wanajua shimo lisilopigwa mbao za kushikilia kuta huporomoka, kwa hivyo hapo walikuwa wanapiga kelele mpaka mabati yanatikisika.

Kisha msichana wa shule anatumbukia ndani ya shimo. Senje Kijani anamfuata, lakini huko chini hakuna jua, nguvu zinaisha. Skrini inakuwa nyeusi tii, na kwa muda mrefu. Kwa Kizungu hapo hakuna maneno, ni maji tu yanadondoka.

Kaka hakuweza kuvumilia kimya. Yule mtoto wa shimoni alimpa jina la binti yake, na gizani hapo akaweka maneno haya: "Mmbone, usiogope. Hii ni giza tu. Mimi niko hapa nyuma yako, wewe tembea."

Na katikati ya maneno hayo anakohoa. Anakohoa sana. Halafu unasikia, "Ngojeni kidogo, watu wangu," kikombe kinagonga meza, anakunywa maji, anaendelea.

Hakurudia kurekodi. Watoto wakaipenda hivyo hivyo, wakawa wanakohoa naye pamoja na kucheka. Na sisi wakubwa tulicheka. Nilikuwa nikienda nyumbani nasikia watoto njiani wanakohoa kama Shivachi, nasema huyu kaka yangu ni staa.

Wakuu, hakuna aliyeuliza kikohozi kinatoka wapi.

Sitaeleza sana ya hospitali. Daktari alisema ni vumbi, limekaa kifuani kwa miaka. Wakati huo alikuwa hawezi kupanda kitandani bila kupumzika. Tukampoteza.

Kaka alikuwa na koti moja la maruni. Jumamosi hakukosa kulivaa, hata jua likiwaka namna gani. Mama akasema atazikwa nalo, ili huko aendako wamtambue. Sote tukaona ni vizuri. Baba mdogo akalipeleka mochari na tukamzika amependeza.

Baada ya mazishi kwetu kuna siku ya kunyoa. Familia inanyolewa, watu wanaketi, nguo na vitu vya marehemu vinagawiwa. Gumbuti zake za kazini zikaenda kwa binamu, redio ikaenda kwa baba mdogo. Mmbone alikuwa kwa miguu ya nyanya yake, kichwa kimenyolewa, anatazama tu vitu vya babake vikienda.

Mwenye kibanda akasimama. Alizungumza kwa heshima sana. Akasema watoto wanauliza Senje Kijani, kama inawezekana apewe ile flash yenye katuni.

Tukatafuta. Chini ya godoro, kwa kopo la misumari, nyuma ya picha za ukutani. Hakuna. Na hakukuwa na nakala mahali popote. Hawa ma-DJ wanaibiana, mtu anachukua kazi yako anaweka jina lake mwanzoni. Kwa hivyo kaka alikuwa akimaliza kurekodi anafuta kwa simu, kazi inabaki kwa flash moja tu. Kibandani aliichomeka mwenyewe na kuichomoa mwenyewe.

Mmbone akasema, "Iko kwa koti."

Mama akamuuliza koti gani.

"Koti yake. Ile mfuko ya ndani, yenye Senje alishona."

Mimi ni fundi wa nguo huku Kakamega mjini. Ule mfuko niliushona kwa mkono wangu, chini ya bitana, mdogo, ili mwizi asiuone. Na kweli hakuna aliyeuona.

Mtoto alikuwa anatuangalia mmoja mmoja. Akasema, "Si mlimpatia aende nayo? Nilidhani ataonyeshanga watu wa huko."

Mama aliinuka akaenda jikoni. Kijana mmoja akaanza kusema kitu kuhusu jembe, baba mdogo akamwambia anyamaze, kaburi halifunguliwi. Alisema kweli, na hata yule kijana alijua.

Lakini Mmbone alishasoma nyuso zetu. Akaelewa hatukuwa tumempa babake zawadi, tulikuwa tumekosea. Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu kifo.

"Sasa mimi nitamsikia na nini?"

Hilo swali lilinifuata mpaka mjini. Nashona, linanijia. Napika, linanijia.

Shule zilipofungwa nikamchukua aje kwangu Amalemba, huku mjini. Nilikuwa nimeitafuta ile episode mtandaoni nikaipata, ya Kizungu. Nikaona angalau aone picha. Nikamwekea kwa TV nikarudi kwa mashine yangu, nilikuwa na sketi za shule za kumaliza.

Senje Kijani alipofungua mdomo tu, Mmbone akasema, "Huyu haongeangi hivyo. Toa."

Nilijuta. Nikaondoa sauti kwanza, nikisema nitazima nikimaliza huu mshono.

Kisha nikasikia anaanza.

Alianza polepole, halafu akapata sauti. Alikuwa nayo yote. Majina yote, utani wote. "Wewe jamaa, unaingia shimo bila kupiga mbao?" Alipofika pale kuku wanasikika, akalia kama kuku. Nikaacha sketi.

Skrini ikawa nyeusi.

"Mmbone, usiogope," akasema. "Hii ni giza tu. Mimi niko hapa nyuma yako, wewe tembea."

Halafu akakohoa. Aliinama, mkono kifuani, akakohoa kwa urefu ule ule, na mapumziko yake yale yale ya kutafuta hewa. Mimi niliyekuwa nikicheka hapo kila nikienda nyumbani, ndiyo mara ya kwanza nilisikia kikohozi kile kilikuwa kirefu namna gani. Ndugu yangu alikuwa anakufa mbele ya benchi zima la watu.

"Ngojeni kidogo, watu wangu."

Akachukua kikombe changu cha chai, akanywa, akakiweka mezani kwa nguvu ili kigonge. Akaendelea mpaka Senje Kijani akatoka shimoni na mtoto mgongoni.

Ndipo akageuka akaniona nalia.

"Senje," akasema, "hapo kwa kukohoa watu huchekanga."

Nikamwambia najua.

Nilimwomba arudie, nikamrekodi kwa simu. Nimewatumia ndugu wote, na mwenye kibanda pia. Anayetaka kuiba aibe, aweke hata jina lake, bora iwe mahali.

Nasikia watoto sokoni wameipenda. Hapo kwa kukohoa bado wanacheka. Mmbone sijamwambia kikohozi kile kilikuwa nini.

Nililojifunza si kubwa, wakuu. Sauti ya mtu wako usiiweke mahali pamoja. Na kama nyumbani kwenu kuna mtu anakohoa na nyinyi mmeshazoea, leo mwulize.

Aliye na sauti ya mtu wake aliyekwenda, aniambie hapa chini ameiweka wapi na huwa anaisikiliza lini. Mimi bado nashindwa kuisikiliza hii ya Mmbone mpaka mwisho. Nafika pale gizani, nazima.