Karanga Kumi na Moja za Rehema

Ni mimi niliyekula zile karanga. Kuku hakuhusika.

Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini, mbele ya wazazi wangu, mbele ya mwalimu wa dini, na hata mbele ya mume wangu, ambaye wala hakuwa ameniuliza. Lakini juzi, hapa kwangu Nzuguni, jirani alikuwa anakaanga karanga kwa mchanga wa moto. Harufu ikaruka ukuta, ikanikuta jikoni, nikaona nimechoka kumsingizia marehemu.

Tulikaa Kongwa, kwenye nyumba za walimu. Dada yangu Rehema alikuwa na miaka kumi na minne, mimi tisa. Misuli ya miguu yake ilidhoofika kidogo kidogo tangu akiwa darasa la pili, mpaka akawa mtu wa kiti cha magurudumu: chuma kizito chenye tairi za baiskeli, zilizotobolewa na mbigili karibu kila wiki. Daktari wake wa mjini alitaka kuuchunguza ugonjwa ule, ajue unaanzaje, ila fedha za utafiti hazikutosha. Ndipo Rehema mwenyewe akasema familia yetu izunguke uwanja wa shule raundi mia mbili kwa siku sita, hamsini kila mmoja wetu wanne, na watu waahidi kuchangia utafiti tukimaliza. Waliandika majina walimu, wenye maduka, shehe na akina mama wa kwaya. Masharti yalikuwa mawili: Rehema asisukumwe, na isipungue hata raundi moja. Ikipungua, ahadi zote zimekufa.

Kila mmoja alikuwa na kopo lake juu ya ukuta mfupi wa baraza. Ukimaliza raundi, unatumbukiza karanga moja. Baba alitaka karanga mbichi. Mama, mtu wa Kondoa, mkulima kwanza na mke wa mwalimu baadaye, alikataa katakata: mbegu haichezewi mvua zikiwa zimekaribia. Akatoa za kukaanga, zenye chumvi. Nadhani nyumba nyingine yoyote ingetumia kokoto.

Alhamisi mchana nilibaki peke yangu barazani. Nilikuwa na akili ya kutosha kutogusa kopo langu, maana ningelazimika kutembea upya. Nikachukua moja ya Rehema, kuonja chumvi tu. Maganda yale mekundu niliyasugua viganjani nikayatia mfukoni.

Ijumaa jioni Baba alimwaga karanga kwenye ungo, akahesabu.

"Thelathini na tatu."

"Arobaini na nne, Baba," Rehema akasema. "Nimezunguka arobaini na nne."

"Kopo linasema thelathini na tatu."

"Kuku," nikasema haraka mno. "Nimemwona yule mwekundu hapo ukutani."

Mama akatia mkono kwenye kibakuli cha karanga zilizobaki. "Mrudishie kumi na moja, baba Rehema. Mtoto mikono imechubuka, huoni?"

"Waliosaini wanaliamini kopo, mke wangu. Mimi sikuwepo akizunguka. Wewe ulikuwepo?"

Mama akazirudisha karanga kibakulini. Rehema akanitazama kwa muda mrefu, macho makavu, halafu akasema, "Narudia."

Kwa hiyo Jumamosi, badala ya raundi sita, alizunguka kumi na saba. Upepo ulikuwa unapuliza vumbi jekundu usoni. Mama alimfunga viganja kwa vipande vya kanga. Raundi ya kumi na mbili alisimama, akainamisha kichwa, na mimi niliyekuwa nikitembea nyuma yake nikanyoosha mikono kusukuma. "Toa mikono yako hapo, mlafi we," akaniambia bila kugeuka. Nilidhani ni tusi la kawaida. Alimaliza jua likizama, na ahadi zikatimizwa. Jumapili kuku mwekundu alichinjwa. Nilipewa paja, nikalila lote.

Sasa Rehema ni mhasibu mjini, bado kwenye kiti, chepesi zaidi. Juzi nilizima jiko nikampigia.

"Shikamoo dada. Zile karanga nilikula mimi."

"Marahaba. Najua. Ulikuwa na maganda mdomoni siku nzima."

"Mbona hukusema?"

Nikasikia akisogeza kiti.

"Ningesema, Baba angezihesabu zile kumi na moja, yakaisha. We hukumbuki shuleni? Rehema asifagie, Rehema asikimbizwe, Rehema apewe alama za huruma. Siku ile Baba aliniambia hazijatosha. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nikataka nizirudie."

Mimi, ninayeishi kwa kuandika, nikaanza kutafuta kalamu.

"Ila kuku," akasema, "kuku yule alikuwa anataga. Mama alilia."